Rumangabo: mwalimu na mwanafunzi wakijifunza pamoja kwa mikono

Sayansi, ufundi, sanaa, hesabu na biashara ndogo vinaweza kufundishwa kwa vitu tunavyoviona kila siku kwenye barabara ya Goma–Rutshuru. Hapa tunaeleza njia hiyo ni nini, inatoka wapi, inafanyika namna gani katika masomo yasiyo na laboratwari, na mambo gani ya hatari ambayo mwalimu na mzazi wanapaswa kujua kabla ya kuanza.

Mtu akisimama asubuhi kando ya barabara Rumangabo, ataona chukudu zimejaa maharagi, viazi, mbao ao makala, zinasukumwa kupanda kuelekea Kibumba, kisha zinateremka mpaka Goma. Mwanafunzi mwenye daftari ya fizikia anapita karibu nazo kila siku. Darasani anaandika maana ya msuguano, anaikariri kwa Kifaransa na anapata alama zake. Jioni anasaidia kusukuma chukudu ya baba yake, bila kujua kwamba ile kitu aliyoandika asubuhi ndiyo inamchosha mabega.

Njia tunayoizungumzia inataka kuunganisha hiyo asubuhi na hiyo jioni. Na inaomba jambo moja ambalo kwa wengi wetu ni gumu: mwalimu akubali kuwa naye anajifunza.

STEAM ni nini?

Ni herufi za kwanza za maneno matano ya Kiingereza, yenye maana ya sayansi, teknolojia, uhandisi, sanaa na hesabu. Mwanzoni herufi zilikuwa nne. Sanaa iliongezwa baadaye, kwa sababu mtu anayetengeneza kitu anahitaji pia kukichora, kukipa umbo zuri na kukieleza kwa wengine.

Hayo masomo matano yapo tayari katika programu zetu. Kilicho kipya ni kuyafundisha pamoja, kwa kuanzia kwenye swali la maisha. Hata programu ya sayansi iliyofanyiwa mageuzi kwa sekondari hapa Congo inaomba hivyo: kila somo lianze na hali ambayo mtoto anaijua, si maana ya neno peke yake. Fizikia, teknolojia na kompyuta vimewekwa katika kundi moja. Kwa hiyo mwalimu anayeleta chukudu darasani hatoki nje ya programu.

Juu ya hayo inaongezwa ujasiriamali, ndiyo ile wengi wetu tunaita antreprenaria. Maana yake mtoto ajue kitu alichotengeneza kimegharimu ngapi, nani anakihitaji, na kama kuna faida ya kweli.

Kwa nini Rumangabo?

Rumangabo iko katika eneo la Rutshuru, usultani wa Bwisha, kilometa zaidi ya 40 kaskazini ya Goma. Wengi wanaijua kwa kambi ya jeshi, na kwa makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, hifadhi ya zamani kuliko zote za taifa barani Afrika, iliyoundwa mwaka 1925. Hapo ndipo kuna kituo cha Senkwekwe, kilichofunguliwa mwaka 2010 kulea sokwe wa mlimani waliobaki yatima. Kaskazini yake, kwenye mto Rutshuru, kuna kiwanda cha umeme cha Matebe, kilichozinduliwa mwezi wa kumi na mbili 2015, chenye nguvu ya megawati zaidi ya 13. Volkano ziko karibu, udongo ni wa rutuba, kahawa inalimwa.

Hivyo mtoto wa hapa amezungukwa na sayansi ambayo watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuiona. Lakini amezungukwa pia na vita. Tangu mapigano yalipoanza tena mwisho wa mwaka 2021, jamaa nyingi zilikimbilia makambi ya kando ya Goma. Wengi walirudi mwanzoni mwa 2025 bila vitanda, bila mbuzi, bila vitabu. Watoto waliopoteza mwaka mmoja ao miwili wanakaa benchi moja na wadogo zao. Mtoto wa namna hiyo akipewa tu ubao wa kunakili, mara nyingi anaacha. Akipewa kitu cha kupima na cha kutengeneza, ana sababu ya kurudi kesho.

Kazi ya mikono si salongo

Tuseme wazi: wazazi wengi wana wasiwasi, na wana haki. Kwa aliyesoma wakati wa Zaire, kazi ya mikono shuleni ni salongo: kufyeka majani, kuchota maji, kulima shamba la mtu mwingine. Mara nyingine ilikuwa azabu.

Majirani wetu walipitia hayo pia. Mwezi wa tatu 1967, Rais Julius Nyerere wa Tanzania alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziwe na mashamba na karakana ili mtoto asitenganishwe na maisha ya wazazi wake. Wazo lilikuwa zuri. Lakini katika masomo mengi shamba likawa kazi tu: watoto walilima, bila mtu kuuliza kwa nini tuta hili limezaa kuliko lile. Kenya nayo, mwaka 1985, ilianza mfumo wa 8-4-4 wenye masomo mengi ya ufundi, wakati shule nyingi hazikuwa na karakana, na mzigo ukawaangukia wazazi. Mtaala mpya ulioanza huko katika madarasa ya chini mwaka 2019 ulileta malalamiko ya vifaa vya kununua, na wazazi wengine walijikuta wakifanya wao wenyewe kazi za watoto usiku.

Tofauti kati ya salongo na somo inaonekana kwa maswali matatu. Je, kuna swali lililoulizwa kabla ya kazi kuanza? Je, kuna kitu kilichopimwa na kuandikwa? Je, mtoto anaweza kueleza mwishoni alichogundua? Kama jibu ni hapana kwa yote matatu, hiyo ni salongo, hata ukiipa jina la Kiingereza.

Mwalimu naye anajifunza

Mwalimu wa fizikia alisoma fizikia. Hakufundishwa useremala. Seremala anajua mti gani unapasuka na upi unavumilia, lakini hajawahi kuandika hesabu ya mzigo. Mama anayeuza sokoni Rubare anajua bei inapanda lini, lakini hatumii neno «soko» kama kitabu cha uchumi kinavyolitumia. Wote watatu wakikaa na wanafunzi, kila mmoja ana kitu ambacho mwingine hana.

Ndiyo maana mwalimu anahitaji kuzoea kusema: «Miye pia sijui bado. Tupime.» Hiyo haimpunguzii heshima. Kinachomharibia jina ni kubuni jibu, kisha watoto walione si kweli.

Lugha pia inafunguka. Wakati wa jaribio, acha watoto waongee Kiswahili ao Kinyabwisha, wabishane, waseme «ile imeteleza sana». Baadaye pamoja mtafute neno la Kifaransa litakalohitajika kwa mtihani wa Taifa. Neno linalokuja baada ya kuona kitu halisahauliki upesi.

Somo la kwanza: chukudu

Chukudu ni fahari ya Kivu. Goma iliisimamishia sanamu ya rangi ya zahabu mwaka 2009. Ni mti mgumu, gurudumu mbili za mti zilizovikwa mpira wa tairi, usukani, na kipande cha mpira nyuma ambacho mguu unakikanyaga kufunga breki.

Azimeni moja na mumwite anayezitengeneza. Kwanza kila kikundi kiichore kwa vipimo; hapo sanaa na hesabu zimeshaanza. Zungusheni uzi kwenye gurudumu, pimeni urefu wake, kisha mgawanye kwa upana wa gurudumu unaopita katikati. Gurudumu ndogo ao kubwa, jibu litakuwa karibu 3,14. Watoto wengi wanaikariri hii namba bila kujua imetoka wapi.

Kisha jaribio lenyewe. Chagueni mteremko mfupi usio na magari. Achilieni chukudu bila mzigo kutoka alama moja, mara tatu, mpime imefika wapi kila mara. Pakeni mafuta katikati ya gurudumu, mrudie mara tatu. Andikeni wastani. Hapo msuguano umeonekana kwa mita. Swali la biashara linafuata lenyewe: kama mafuta kidogo yanapunguza nguvu za kusukuma mpaka Kibumba, mwenye chukudu anaokoa nini kwa juma?

Somo la pili: mazuku

Kando ya Goma na Sake, katika mashimo na mabonde ya mawe ya volkano, kuna hewa mbaya tunayoita mazuku. Ni gazi ya kaboni inayotoka chini ya ardhi. Haionekani. Kwa ukubwa ulio sawa, ina uzito wa karibu mara 1,5 kuliko hewa ya kawaida, ndiyo maana inakaa chini kama maji, zaidi asubuhi mapema ama usiku wakati upepo umetulia. Inaua mbuzi, mbwa, na watoto kabla ya watu wazima, kwa sababu wao wako karibu na ardhi.

Somo hili linafanyika darasani kwa vitu vidogo. Weka mishumaa miwili ndani ya beseni yenye kina, mmoja mfupi, mwingine mrefu, uwashe yote. Katika jagi weka vijiko viwili vya bikaboneti, mimina siki ao maji ya ndimu, subiri povu litulie. Sasa inamisha jagi juu ya beseni polepole, kama unamimina, bila kuacha siki yenyewe ianguke. Mshumaa mfupi utazimika kwanza.

Mtoto aliyeona hilo hatahitaji kuambiwa mara ya pili asishuke kwenye shimo kufuata mpira, wala asilale chini mahali ambapo majani yamekufa na ndege wameanguka. Lakini mwambieni pia: mshumaa si kifaa cha kupima mazuku nje. Mahali pa mashaka hapajaribiwi. Unaondoka, unapanda juu.

Somo la tatu: kura na taa

Pale umeme umefika, ama kura kama tunavyosema, watu wanalipa kwa cash power bila kujua nini kinakula unite zao. Taa ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa 5 kwa siku, siku 30, inakula kilowati-saa 9. Taa ya LED ya wati 9, kwa muda ule ule, inakula 1,35. Kila mtoto aorodheshe vifaa vya nyumbani kwake, asome wati zilizoandikwa, apige hesabu na wazazi. Daftari yake itasomwa nyumbani mzima.

Kwa majaribio ya mkono tumieni betri ndogo za radio na balbu ya tochi. Umeme wa ukutani hauguswi.

Somo la nne: makala na daftari ya biashara

Mji wa Goma unapika kwa makala, na sehemu kubwa imetoka siku zote katika mapori ya Virunga. Biashara hiyo imeua. Mwaka 2007 sokwe wa familia ya Rugendo, pamoja na Senkwekwe mwenyewe, waliuawa, na uchunguzi ulielekeza kwenye magendo ya makala. Walinzi wengi wa hifadhi wamepoteza maisha. Na bado mama wa Goma anahitaji kupika leo jioni.

Briketi ni sehemu ya jibu. Magunzi ya mahindi ao maganda ya kahawa yanachomwa nje, ndani ya pipa lenye hewa kidogo, mpaka yawe meusi. Yanapondwa, yanachanganywa na uji wa unga wa muhogo, yanabanwa na kuanikwa siku kadhaa. Kisha mjaribu: maji lita 1, mbabula moja, uzito ule ule wa briketi na wa makala. Maji yanachemka kwa dakika ngapi? Moto unadumu saa ngapi? Majivu ni kiasi gani?

Baada ya hapo inakuja hesabu. Tuseme, kwa mfano, kikundi cha wanafunzi 10 kimefanya kazi saa 3 kila mmoja, na kimetengeneza briketi 200 za kuuza 100 FC moja. Unga wa muhogo ni 4 000 FC, pipa la kukodi 3 000 FC, usafiri 2 000 FC.

Mauzo: 20 000 FC. Gharama: 9 000 FC. Inaonekana faida ni 11 000 FC. Lakini gawanyeni kwa saa 30 za kazi: ni karibu 370 FC kwa saa. Na kama briketi 30 zimevunjika, mauzo yanabaki 17 000, faida 8 000, na saa moja ni karibu 270 FC. Je, inafaa? Nani angekubali kufanya kazi kwa malipo hayo? Tubadili nini: uji, kubana, ao namna ya kukausha?

Mwanafunzi anayemaliza akisema «hii biashara, kwa namna tulivyoifanya, haifai, na sababu ni hizi» amejifunza ujasiriamali kuliko yule aliyeambiwa tu kwamba atakuwa tajiri.

Feza inashikwa na nani?

Hapa ndipo miradi mingi ya shule inakufa. Watoto wanatengeneza, kitu kinauzwa, hakuna anayejua franga zilienda wapi. Mwaka unaofuata wazazi wanakataa.

Dawa tunaijua tayari kutoka AVEC za vijiji vyetu: kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Shuleni anaweza kuwa mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja na mzazi mmoja. Hesabu inasomwa kwa sauti mbele ya wote. Kabla ya kuuza chochote inakubaliwa sehemu gani inanunua vifaa na sehemu gani inarudi kwa watoto. Wasichana nao washike kisanduku na washike msumeno. Kama kila mara mvulana anapima na msichana anafagia, tumefundisha kitu kingine kabisa.

Kile kisichoguswa

Mahali pengine mwalimu anawaambia watoto: «Kesho kila mmoja alete chuma chakavu.» Huku kwetu maneno hayo yanaweza kuua. Katika mashamba, misitu na kando ya kambi zilizopita mapigano kuna mabomu na risasi ambazo hazikulipuka. Grenedi yenye kutu inafanana na kopo.

Kanuni ni moja: mtoto haokoti chuma chochote shambani ao porini kwa ajili ya somo. Vifaa vinatoka nyumbani, kwa fundi ao sokoni, na mtu mzima anavitazama kwanza. Akiona kitu asichokijua, hakigusi, hakitupii jiwe, anarudi kwa njia aliyojia, anaita wakubwa.

Mambo mengine matatu: soda ya kutengenezea sabuni inachoma ngozi na macho, haishikwi na watoto; betri za simu hazifunguliwi; moto wa makala ao briketi hauwashwi ndani ya darasa ao chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi usioonekana unaua sawasawa na mazuku.

Kuanza bila bajeti

Mwaka 2002, huko Malawi, kijana wa miaka 14 aitwaye William Kamkwamba, aliyetolewa shuleni kwa kukosa karo wakati wa njaa, alijenga mashini ya upepo kwa sehemu za kinga, feni ya trakta na miti ya mikaratusi. Ikawasha taa nyumbani kwao. Watu wengi wanaisimulia kama habari ya kijana aliyefanya bila shule. Wanasahau kwamba aliipata picha ya mashini hiyo katika kitabu cha maktaba ndogo ya shule ya msingi. Kitabu kilikuwepo, na mlango ulikuwa wazi kwake.

Tangu mwaka wa masomo 2019–2020 shule ya msingi ya serikali inatangazwa kuwa ya bure, na madarasa yamejaa. Mwalimu mwenye watoto 70 hawezi kufanya kila siku tuliyoyaeleza hapa. Aanze na somo moja kwa mwezi, vikundi vya watoto 6 ao 7, kifaa kimoja kwa kikundi, na fundi mmoja wa kartiye aliyealikwa. Walimu wenyewe wafanye jaribio hilo siku moja kabla, bila wanafunzi, ili makosa ya kwanza yawe yao. Prefe ao direktere aandike katika daftari ya shule kilichofanyika na kilichoharibika, ili mwalimu atakayekuja kesho asianze tena kwenye sifuri.

Huku watu wamekimbia zaidi ya mara moja. Mabati yameibiwa, mabenchi yamekuwa kuni. Lakini aliyejua kutengeneza chukudu alifika Kanyaruchinya na kazi yake mikononi, na aliyejua kuandika hesabu ya AVEC alifika nayo kichwani. Hicho ndicho tunachoomba masomo yawape watoto wa Rumangabo. Kwa juma hili, uzi mmoja na gurudumu moja vinatosha kuanza.